Mavazi ya panki: yalianzia mtaani au kuna mtu alikaa dukani akayabuni?

Kiraka_Tandale:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu kubwa ni kurekebisha mitumba, sasa kuna dogo kaniletea suruali ya jinsi nzima kabisa anataka niichane magoti halafu nipachike pini zile za kufungia nepi mguu mzima na nyuma niweke kipande cha kitambaa cha miraba ya Kiskochi. Nikamfanyia, hela ni hela. Ila hapa kijiweni umezuka ubishi, mmoja anasema huo mtindo wa panki, yaani uvaaji wa wapenzi wa ule muziki wa fujo wa miaka ya 70, ulianzishwa na watoto masikini wa London waliokuwa hawana cha kuvaa, mwingine anasema thubutu, ni wafanyabiashara tu waliuza matambara kwa bei ya suti. Mkweli nani? Na ule unyoaji wa kiduku nao ulitoka hukohuko? Anayejua amwage vitu, tena kwa majina na miaka maana hawa watu hawakubali kirahisi.

MzeeSanturi:
Fundi, wote wawili wameisahau New York. Pale kulikuwa na klabu inaitwa CBGB, ilifunguliwa mwishoni mwa 1973 mtaa wa Bowery, enzi hizo mtaa wa walevi na watu wasio na makazi. Kuna mwanamuziki anaitwa Richard Hell alikuwa anapanda jukwaani na tisheti zilizochanika zimeshikizwa kwa pini, nywele kakata mwenyewe hovyohovyo zimesimama. Sasa Malcolm McLaren, Mwingereza mwenye duka la nguo London, alikuwa New York mwanzoni mwa 1975 anahangaika na bendi ya New York Dolls, akamwona Hell, akarudi nyumbani na ule muonekano kichwani. Mwenyewe McLaren alikuja kukiri hadharani kwamba Hell ndo alimpa wazo.

Duka alikuwa nalo pamoja na Vivienne Westwood, namba 430 mtaa wa King's Road, kila baada ya muda linabadilishwa jina. Lilianza Let It Rock 1971, 1974 likawa SEX, baadaye Seditionaries. Bendi ya panki ya Sex Pistols ilitokea humohumo dukani yaani, Glen Matlock mpiga besi alikuwa anauza pale Jumamosi, na John Lydon waliona anafaa kuwa mwimbaji kwa sababu alivaa tisheti ya bendi ya Pink Floyd kaiandikia kwa juu kwamba anawachukia. Usaili wake kaufanyia dukani hapohapo mbele ya mashine ya kupigia santuri, Agosti 1975. Kwa hiyo huyo wa biashara ana hoja, bendi ilikuwa pia tangazo la nguo.

mtoto_wa_gongo:
Shikamoo mzee, umetisha. Kumbe jinsi ya kuchanika ina historia namna hii, mie nilijua ni uvivu wa kushona 😂

DadaNyuzi:
Mzee nakubali ila umewapa wenye duka utukufu mwingi. Nguo za Seditionaries zilikuwa ghali, kijana asiye na kazi hazigusi, na Uingereza ya wakati ule ilikuwa na hali mbaya, mfumuko wa bei ulipita asilimia 24 mwaka 1975 na mwaka uliofuata serikali ikaenda kukopa IMF (ndiyo, Uingereza hiyohiyo). Watoto wengi walikuwa wanachukua shati la shule la zamani au koti la babu, wanalichana, wanaliandika kwa rangi na kulijaza pini. Lydon mwenyewe kasema alianza kutumia pini kwa sababu suruali ilikuwa inamwachia. Wale wa bendi ya The Clash walikuwa wanamwagia mashati rangi na kuyapiga maandishi wenyewe. Mimi kwangu hapo ndipo panki ilipo, dukani uliuziwa tu kitu ambacho ungeweza kukifanya kitandani kwako.

Halafu kuna watu huwa hawatajwi. Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex, baba yake Msomali, aliimba 1977 na vyuma vya meno mdomoni na manguo ya plastiki ya rangi kali, hana habari na kuonekana mrembo. Na Don Letts, kijana wa wazazi wa Jamaica, alikuwa anauza nguo duka la Acme Attractions palepale King's Road, kisha akawa DJ wa klabu ya Roxy, akawa anawapigia mapanki rege kwa sababu santuri za panki zenyewe bado zilikuwa chache. Ukiniuliza, bila hao mtindo ungebaki hasira ya watoto wa kizungu peke yao.

Kuhusu kiduku, kitafute kwenye picha za 1976, ni cha nadra sana, wengi wana nywele fupi zimechokonolewa tu. Kilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 80 na bendi kama The Exploited wa Edinburgh, watu wanasimamisha kwa sabuni au maji ya sukari.

Kiraka_Tandale:
Daah maji ya sukari, na nzi je? Sasa ilikuwaje mpaka matajiri wakavaa?

MzeeSanturi:
Haraka sana tena. 1977 hiyohiyo mbunifu wa mitindo Zandra Rhodes alishatoa magauni ya pini na minyororo kwa wenye hela zao, 1994 mwigizaji Elizabeth Hurley akatokea na gauni jeusi la Versace limeshikwa na pini kubwa za dhahabu ubavuni, 2013 makumbusho ya Metropolitan New York wakafanya maonyesho mazima ya panki. Na 2016, London ikisherehekea miaka 40 ya panki, mtoto wa McLaren na Westwood, Joe Corré, akapakia mali za panki kwenye boti mto Thames akazitia moto, mwenyewe alisema zina thamani ya pauni milioni 5. Nilicheka ila roho iliniuma, zile tisheti za mwanzo jamani!

Kiraka_Tandale:
Milioni 5 za pauni kaunguza?? Haya dada Nyuzi, swali la kazi. Kuna suruali nimeona ina mkanda umeunganisha mguu na mguu, ile unaishonaje mtu asianguke?

DadaNyuzi:
Hiyo ni ya Westwood na McLaren ya 1976. Mkanda unakaa usawa wa magoti, uache mrefu kidogo kuliko hatua ya kawaida ya mvaaji, na ncha zote mbili weka ndoano ili aweze kuuchomoa akipanda daladala. Zipu inapita katikati ya miguu mpaka nyuma, na juu ya makalio kuna kitambaa kinaning'inia kama nepi, hicho kishikize kwa vifungo tu usikishone moja kwa moja. Tumia pamba nzito, ukiweka kitambaa chepesi pale mkanda unapovuta patachanika.

mtoto_wa_gongo:
Si ndo wanachotaka 😂😂