Naombeni ushauri: tafsiri yangu ya Kihispania imerudi imejaa wino mwekundu

kalamu_butu:
Wakuu, habari za muda huu. Nimesoma Kihispania miaka mitatu, na juzijuzi nikapata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa: kutafsiri maandishi ya programu ya simu kutoka Kiingereza. Mengi ni vitufe na ujumbe mfupimfupi. Sitaficha, nilianza na mashine, kisha nikapita nyuma yake nikisahihisha.

Imerudi jana. Kitufe cha "Home" nimeandika "Hogar". Cha "Save" nimeandika "Salvar". Aya moja mtumiaji ni tú (wewe wa kirafiki), inayofuata ni usted (wewe wa heshima). Chini kabisa mhakiki kaandika: "Inaeleweka, ila hakuna anayeongea hivi." Hilo ndilo limeniuma. Nina siku 5. Nianzie wapi? Msaada kwanza, kejeli baadaye.

Mzee_wa_Kamusi:
Usiguse chochote kabla hujamuuliza mteja wasomaji wako wapi. Kompyuta Uhispania ni ordenador, ukivuka bahari ni computadora au computador. Coger Uhispania ni kuchukua tu. Meksiko au Argentina umetukana. Ukiongea na watu wengi, Wahispania wana vosotros, Amerika ya Kilatini ni ustedes. Argentina hata tú wameiweka kando, wanatumia vos.

Tatu_Bila:
Salvar ni kumwokoa anayezama 😂 Faili unaguardar. Na "Home" ni "Inicio". Hogar ni kule kwenye familia na jiko.

Ila mashine nisiilaumu sana, ilipewa neno tupu bila kuona limekaa wapi. Omba picha za skrini. "Free" peke yake utajuaje kama ni gratis (bure) au libre (huru)?

binti_sarufi:
Mkuu, kuhusu "hakuna anayeongea hivi": hebu tafuta yo (mimi) na tú kwenye faili lako, uhesabu. Kiingereza hakiwezi kusema bila mtenda, mashine nayo mara nyingi inambeba hivyo hivyo. Sisi tunasema "nataka", hatusemi "mimi nataka" ila tukisisitiza au tukigombana. Kihispania ni vilevile: quiero (nataka) imemaliza, quieres (unataka) imemaliza. Tofauti ni kwamba sisi mtenda tunamweka mbele ya kitenzi, wao wanamfungia nyuma. Ajabu ni kwamba Mswahili analo sikio hilo tayari, halafu akipitia Kiingereza analiacha mlangoni.

kalamu_butu:
Nimehesabu kurasa tatu tu. Yo na tú 41. Nimefuta 36 na hakuna kilichoharibika. Aisee.

Ila kwenye "Welcome" nimekwama. Bienvenido ni mwanamume, bienvenida mwanamke, na programu haijui nani kashika simu.

binti_sarufi:
"Te damos la bienvenida." Hapo bienvenida ni nomino, tunakupa makaribisho. Jinsia ya msomaji haiguswi.

jicho_kali:
Si ungeiweka tu kwenye akili bandia ukalala?

Tatu_Bila:
@jicho_kali ndiko alikotoka huko.

Mzee_wa_Kamusi:
Mawili mengine. Kama kuna tarakimu, "billion" ya Marekani ni mil millones (milioni elfu moja). Billón ya Kihispania ni milioni mara milioni, yaani umemwongezea mtu sufuri tatu. Pili, Kihispania kinarefuka. "Settings" ni herufi 8, "Configuración" ni 13 na kitufe kitaikata. Andika "Ajustes".

kalamu_butu:
Mrejesho: mteja kajibu, Meksiko na Kolombia. Sasa tú au usted? Nasikia Kolombia kuna sehemu mume na mke wanaitana usted.

Mzee_wa_Kamusi:
Kweli kabisa, Bogotá utaisikia. Hivyo usted kule si lazima iwe ubaridi. Lakini programu ya vijana wengi huandika tú, ya benki usted. Yako ni ya nini? Chagua moja, iandike juu ya faili, usibadilishe mpaka kitufe cha mwisho. Na angalia vitenzi, si viwakilishi tu: umefuta tú, lakini "guarda" (hifadhi, ya tú) na "guarde" (ya usted) bado zinapigana humo ndani.