Mnaoweka vinili kwenye ngazi kama mnaweka sebuleni, acheni! Mtavunja watu miguu

Wakuu, leo nina hasira na sitazificha. Nyumba za ghorofa zinafunikwa mbao za vinili (zile za plastiki za sakafu) chini mpaka juu, sakafu inatoka safi kabisa, halafu fundi yuleyule akifika kwenye ngazi anaendelea kana kwamba bado yuko sebuleni. Anapiga kliki (ulimi wa mbao moja unanasa kwenye mfereji wa nyingine), anabandika nozingi (kipande cha kufunika ukingo wa mbele wa ngazi) kwa silikoni, anachukua hela yake, huyo kaenda. Baada ya miezi michache nozingi inacheza kama jino bovu. Siku bibi akiikanyaga kwa kisigino akishuka na ndoo, hapo hatutafuti tena simu ya fundi, tunatafuta gari la kumkimbiza hospitali.

Kosa mama ni hili: mbao za kliki zimetengenezwa zielee. Sebuleni zinatulizwa na uzito wake, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na ukutani zinaachiwa nafasi ya kutanuka. Tredi (pale unapokanyaga) ya sentimita 28 haina uzito huo wala mbao jirani za kuishikilia. Anayeshuka anatua na mwili wote ukingoni. Mbele pakibonyea, nyuma panainuka. Kila hatua inakuwa wenzo unaolegeza ulimi wa kliki, mpaka siku unakatika. Ndiyo maana kwenye ngazi kila kipande kinagandishwa chote kwa gundi, tredi na raiza (uso uliosimama), na nozingi inapata gundi pamoja na skrubu. Maelekezo hayo yamo kwenye kile kikaratasi ndani ya boksi mnachokitupa kabla ya kukisoma.

Sasa gundi. Silikoni ni ya kuziba maji kwenye sinki. Ikikauka inabaki laini kama raba, kwa hiyo nozingi itacheza tu, na mchezo huo ndio unaoing'oa. Gundi nyeupe ya mbao nayo ni balaa: inakauka maji yake yakitoka, na kati ya vinili na zege hayana pa kutokea vizuri, halafu unyevu wa zege ukipanda inalainika upya. Tumieni gundi ya ujenzi ya poliyurethani, ile ya bomba la mililita 300. Bomba moja ukilivuta kwa mstari wa unene wa milimita 6 linakupa kama mita 10. Ngazi yenye raiza 16 za upana wa mita 1.1, nozingi zikipata mistari miwili kila moja, tayari ni mita 35, yaani mabomba manne. Tredi na raiza zikipata kama mita tatu kila moja, ongeza mabomba tisa au kumi. Fundi akija na mabomba matatu kwa ngazi nzima, jueni mapema kwamba anakwenda kudondosha matone manne kwenye kona na kuita kazi.

Na zile mbao zenye sponji chini? Wauzaji, hapa nawasema nyinyi. Mnamuuzia mteja mbao zenye sponji mkijua zinakwenda kwenye ngazi. Sponji inabonyea kila mtu akipita, gundi inashika sponji badala ya kushika mbao, na nozingi ambayo haina sponji inabaki chini au juu ya tredi kwa milimita moja au zaidi. Kidole cha mguu kinaisikia hiyo milimita. Kwa ngazi muuzieni isiyo na sponji, tabaka la juu la kukanyagia liwe milimita 0.5, kwa sababu ngazini miguu yote inapita mahali pamoja.

Kabla ya gundi kuna uso wenyewe wa ngazi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Ngazi zilizopigwa polishi ya nta miaka na miaka, gundi inashika nta, na nta haijashika kitu. Piga grenda mpaka uone zege. Terazo na vigae vinavyong'aa vikwaruzwe vyote vipoteze mng'ao, kisha vumbi linyonywe kwa mashine na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kufagia peke yake hakutoshi. Zege jipya lisiguswe kabla ya siku 28, na hata zikifika, bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 juu ya tredi, ziba pande zote nne kwa selotepu, iache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, subiri. Mashimo na mabonde yazibwe kwa saruji ya kuziba inayokauka haraka. Ile ya kumwaga ijisawazishe yenyewe ni ya sakafu, ngazini itakumwagikia miguuni.

Halafu ile pua ya zamani. Ngazi nyingi za zege zina ukingo wa mviringo uliotokeza sentimita mbili tatu mbele ya raiza. Nozingi ya vinili ina umbo la pembe mraba. Ukiivalisha juu ya mviringo, pale kwenye kona panabaki uwazi. Igonge kwa kucha utasikia mlio wa kopo tupu. Uwazi huo ndio utakaopasua nozingi. Ama ukate pua kwa grenda, ama ujaze raiza chini yake kwa plaiwudi ya kuhimili maji au ubao wa saruji mpaka isimame sawa na pua, kisha kona uisawazishe iwe kali.

Jambo ambalo hakuna anayelipima ni kimo. Vinili ya milimita 5 na gundi yake inaongeza kama milimita 6 kwenye kila tredi. Katikati ya ngazi hakuna kinachobadilika, kwa kuwa zote zimepanda pamoja. Ila kama sebule ya chini na korido ya juu zinabaki na vigae vyake, raiza ya kwanza iliyokuwa 170 inakuwa 176, ya mwisho inashuka hadi 164. Tofauti ya milimita 12. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani zinakomea milimita 9.5 kati ya raiza ndefu na fupi kwenye ngazi moja, kwa sababu mguu unakariri kimo baada ya hatua mbili tatu na haukitazami tena. Pimeni raiza zote kabla hamjanunua hata boksi moja.

Hesabu ya vifaa nayo msiifanye kwa skwea mita peke yake. Nozingi zinahesabiwa kwa raiza: raiza 16 maana yake tredi 15 na ukingo mmoja wa korido ya juu, jumla nozingi 16. Ule wa juu ndio husahaulika, fundi anauunga kwa vipande. Nozingi ya mita 2.4 inatoa mbili kwa ngazi ya mita 1.1, kwa hiyo unanunua nane. Ngazi ikiwa na mita 1.25, kila nozingi inatoa moja tu, unanunua 16! Mbao nazo: za milimita 1220 kwa 180, raiza ya 170 inakula mbao moja, jumla 16. Tredi ya 280, nozingi ikifunika 50, inabaki 230: mbao nzima mbele na ukanda wa 50 nyuma. Mbao moja inatoa kanda tatu, kwa hiyo 15 na 5 ni 20. Jumla mbao 36. Boksi za mbao kumi kumi, nne zinatosha kwa shida, chukua tano. Lakini raiza ikiwa 185, mbao moja haifiki, na hesabu yote inaanza upya.

Mpangilio: raiza kwanza, kisha nozingi ikifunika kichwa cha raiza, kisha mbao nzima ikiingia kwenye nozingi, ukanda uliokatwa ukae nyuma. Kata kila tredi kwa kipimo chake, mbele na nyuma, maana ngazi zetu hazina pembe mraba. Usipite juu yake saa 24.

PIMAMAJI:
Mkuu umesema kweli tupu. Niongeze kwenye skrubu. Kwa nozingi ya alumini tumieni skrubu za chuma kisichoshika kutu, milimita 4 kwa 40, na plagi za plastiki za milimita 6 za kushikia skrubu kwenye zege, kila sentimita 25, ya kwanza sentimita 5 kutoka mwisho. Kwa mita 1.1 ni skrubu tano. Huku Pwani za kawaida zinaliwa na chumvi. Tundu likae kama sentimita 4 kutoka ukingo, ukisogea mbele zaidi zege linabanduka na hapo hakuna plagi itakayoshika. Drili iwekwe bila kugonga ikiwezekana.

SKWEA MITA:
Na ile nozingi ya kulalia juu ya mbao? Wauzaji wanasema ni rahisi kuweka.

MWANZISHA UZI:
Rahisi kwao, mkuu. Inaacha kigongo ukingoni kabisa, mahali ambapo mguu unateleza kwenda mbele. Kwenye vipandio iacheni, chukueni inayokaa sawasawa na mbao. Mahali pekee inapofaa ni ukingo wa korido ya juu, kama sakafu ya huko inaelea na inahitaji nafasi ya kutanuka chini yake. Mkitaka ya usawa hata pale juu, gandisheni safu mbili tatu za kwanza za korido.

SKWEA MITA:
Iliyokwisha kulegea je? Kuna wanaosema unachoma tundu na kusukuma gundi ndani.

MWANZISHA UZI:
Hapana. Gundi inayosukumwa ndani inakutana na silikoni ya zamani na haishiki. Ing'oeni nozingi yote, hata kama mtaiharibu, mkwangue silikoni kwa wembe mpana, kisha mpige grenda nyepesi. Pitisheni kidole: pakiteleza hata kidogo, bado ipo, rudieni. Mkiona zege kavu lenye vumbi jeupe, ondoeni vumbi hilo, hapo ndipo mfungue bomba jipya.