Tupeane uzoefu: maroboti ya kubadilika (Transformers na jamaa zake), ubora wa jointi, plastiki na rangi

Kabati_la_Juu (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za muda huu. Nafungua huu uzi kwa sisi tunaokusanya maroboti yale ya kukunja yanakuwa gari au ndege, najua tuko wachache ila tupo, Dar tupo, Nairobi wapo, na walioko ughaibuni ndo wana makabati kabisa. Tuongelee ubora, siyo bei wala nani anayo mengi. Kipi kimekuvunjikia, kipi kimedumu, unakagua nini kabla hujatoa hela.

Naanza mimi. Wengi wanaamini la zamani ndo bora kwa sababu lina chuma. Kweli ya mwanzo yalikuwa na chuma, kampuni ya Takara ya Japani walikuwa na toi za Diaclone tangu 1980, zikaja za Micro Change 1983, kampuni ya Hasbro ya Marekani wakayachukua wakayapa majina na hadithi, 1984 yakaingia sokoni kama Transformers, matairi ya mpira, vifua vya chuma, kromu inang'aa. Ukilishika tu unasikia uzito na moyo unakubali hapo hapo. Ila magari mengi ya mwaka ule ukiyageuza kuwa roboti goti halikunji, shingo haigeuki, na ngumi zinachomolewa zinakaa pembeni, ndo maana ya mitumba mengi unayakuta hayana ngumi. Uzito siyo ubora jamani. Chuma kikining'inia kwenye jointi ya plastiki kinaivuta miaka yote mpaka inalegea.

Angalieni Masterpiece, yale ya Transformers yanayotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Ya kwanza kabisa ilitoka 2003, Optimus Prime ambaye Wajapani wanamwita Convoy, kubwa na zito kweli kweli. 2011 ikatoka MP-10, Optimus huyo huyo ila mdogo zaidi na chuma kimepunguzwa, na wakusanyaji wengi wakahamia huko. Mimi napima jointi tu. Nashika bega, nasogeza sikio, nazungusha pole pole. Jointi ya meno inalia tik tik tik kwa mpangilio mmoja, ikiruka mlio ujue kuna jino limelika. Ya msuguano haina mlio, hiyo unanyoosha mkono mbele unauachia, ukishuka wenyewe muulize muuzaji limekaa wapi na limechezewa na nani.

fundi_wa_kkoo
Mkuu umegusa penyewe. Mi ni fundi simu ila watu wananiletea na haya maroboti kwa sababu nina bisibisi ndogo na mkono umezoea. Nataka niongelee plastiki maana watu wanaona plastiki yote ni moja. Mwili mara nyingi ni ABS, hiyo ngumu inayopokea rangi vizuri. Kwenye jointi wanaweka nyingine, POM, ina utelezi wake wa asili, ukiikwaruza kwa kucha unaisikia kama ina nta, haishiki rangi na haishiki gundi. Kwahiyo mtu akikuletea kiungo cha POM kimevunjika kimepakwa super glue mara nne, unakwangua tu gundi inatoka ganda zima. Hiyo unatoboa unapitisha pini ya chuma, au unatafuta kiungo kingine kwenye roboti lililokufa.

Adui mkubwa ni plastiki ya kioo, ile inayoonyesha ndani. Wabunifu wanaipenda kwa sababu gari lina vioo, sasa ili wasitengeneze vipande viwili wanafanya kioo cha mbele na bawaba yake iwe kipande kimoja, bawaba ya kioo inazunguka kwenye pini ya chuma iliyopigwa kwa nguvu, hapo siku ukigeuza kwa haraka inapasuka kama ganda la yai. Nilipokea moja juzi mlango umeachia, nikaumulika kwa tochi ya simu nikaona nyufa nyembamba nyeupe zimeizunguka pini pande zote, na mwenyewe anaapa hajawahi kuliangusha, na mimi namwamini maana ile presha ya pini inaipasua yenyewe taratibu. Kagueni hapo kwa tochi kabla ya kununua. Ukiona weupe kuzunguka pini, acha.

Kingine, jointi iliyopakwa rangi. Rangi inaongeza unene, mara ya kwanza kuigeuza inakuwa ngumu, mtu anakaza nguvu, ta! Ikigoma, hea draya kidogo isogee.

Mtwapa_Kwetu
Salaam. Mimi niko pwani, Mombasa, na huku shida yetu sio jointi sana, ni jua na hii hewa ya chumvi. Kila kitu cheupe kinageuka njano. Nilikuwa na ndege nyeupe nimeiweka karibu na dirisha la magharibi, bawa la upande wa jua likawa rangi ya chai ya maziwa na lile lingine bado jeupe, nikisimama mlangoni naiona ni ndege mbili zimeunganishwa. Nikasoma sana nikaelewa, ile ABS mwanga na joto zikiifikia muda mrefu ndio inabadilika. Jetfire wa 1985, roboti la ndege nyeupe, anajulikana dunia nzima kwa hiyo njano, kumpata mweupe pepe ni bahati.

Wengine wanapaka haidrojeni peroksaidi na kuweka juani inarudi nyeupe, mimi nimejaribu kwa vipande vidogo na inafanya kazi, lakini haikai milele na ukipaka bila usawa inatoka mabaka. Bora kuzuia: kabati mbali na dirisha, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, wekeni humo ndani, skrubu na springi hazitashika kutu. Na kromu yake si chuma, ni aluminiamu nyembamba sana imepakwa kwenye vakyumu juu ya plastiki, ukisugua na kitambaa kikavu kila siku unaiondoa wewe mwenyewe. Brashi laini inatosha.

mama_mapacha
Naomba niingie kwa upande wetu wazazi. Mimi sikusanyi, wanangu ndo wanacheza, na haya ya madukani huku mjini mengi ni kopi. Siyakatai yote, kuna moja limewahimili wale wawili mpaka leo. Ila nimejifunza kunusa. Likifunguliwa likatoa harufu kali ya kemikali isiyoisha hata ukianika, halilali chumbani kwa watoto. Na yale yenye kombora la springi nayavuta kwanza mwenyewe nione linaruka vipi. Naomba kuuliza, kwanini kopi vipande havishikani vizuri? Ukilifanya gari linabaki na mianya, milango inafunguka yenyewe. Na moja nyonga imelegea halisimami kabisa, wanalia, kuna namna?

Leicester_Boy
Mimi niko Uingereza, langu ni la boksi. Hasbro walitangaza kuondoa plastiki kwenye vifungashio, mpaka 2022 mengi yakawa boksi la karatasi bila kioo, nia nzuri ya mazingira. Sasa wezi wakapata mwanya, anafungua anachukua jipya anaweka takataka, anarudisha dukani anapewa hela yake. Nilinunua moja nikiwa na furaha yote, kufungua nikakuta gari lingine la zamani halina mkono mmoja. Duka walinirudishia, sitalitaja, ila ile siku iliniuma. 2023 Hasbro wakasema wanarudisha madirisha kwenye baadhi ya toi zao. Mkinunua yale ya kipindi kile, angalieni utepe wa boksi pande zote mbili, chini hasa, maana wanafungulia chini.

Kabati_la_Juu
Asante sana wadau. Dada mama_mapacha, kuhusu kombora uko sahihi kabisa kujaribu mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani mtoto alifariki kwa kukabwa na kombora la toi, ndo maana mizinga mingi ya Transformers wa mwanzo kule springi zake zilidhoofishwa.

Na wanaokusanya ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 80, jihadharini na plastiki ya dhahabu yenye vumbi la kumeremeta limejiviringa ndani. Ile mchanganyiko wake ni dhaifu tokea kiwandani, inazeeka ikiwa kwenye boksi lake halijafunguliwa, ukigusa inamomonyoka. Roboti la Black Zarak wa 1988 ni mfano maarufu. Hilo hakuna fundi wa kulitibu, ukiwa nalo usiligeuze, litazame tu.

fundi_wa_kkoo
Dada, kopi za zamani walikuwa wanachukua kipande cha og (orijino) wanatengenezea moldi. Plastiki ikipoa inasinyaa kidogo, kwahiyo kila kipande kinatoka kidogo kuliko cha og na havisinyai sawa, kigingi na tundu lake havioani tena, ndo hiyo mianya. Siku hizi wanaskani kwa kompyuta wanarekebisha, kuna kopi zinafunga vizuri tu, zingine wanazikuza na kuongeza chuma. Sehemu wanapobana hela ni skrubu, laini mno, ukitumia bisibisi isiyoenea kichwa kinalika.

Nyonga iliyolegea inatibika hapo hapo nyumbani. Kama ni jointi ya gololi, ichomoe taratibu kwa kuvuta wima, usipindishe. Futa gololi kwa spiriti. Chukua rangi ya kucha ile isiyo na rangi, paka safu nyembamba sana, iache wazi usiku mzima ikauke, ndo urudishe. Ikiwa bado inalegea paka safu ya pili. Usirudishe ikiwa mbichi, itaganda ndani na siku ukizungusha mguu unabaki nao mkononi. Na wale ambao jointi zao zimekaza sana, mafuta ya silikoni tone moja, ya kupikia hapana, yananata na kukusanya vumbi.