MREJESHO: Kusoma Ugiriki na Roma ya kale chuo kikuu

Habari zenu wakuu. Mwaka jana niliuliza kama mtu aliyemaliza kidato cha sita bila Kilatini wala Kigiriki anaweza kusomea Ugiriki na Roma ya kale. Mlioniambia niombe tu, ahsanteni sana. Nimepata nafasi Uingereza, na lugha zote mbili wanakufundisha kuanzia alfabeti. Kigiriki ni kigumu kweli, vitenzi vyake havina huruma. Kilatini afadhali.

Ila kilichoniteka ni *Periplus*, mwongozo wa safari za baharini wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri. Anafika hadi pwani yetu! Anataja soko la Rhapta, pembe za ndovu, na mabaharia Waarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Katika kisiwa cha Menouthias anaeleza mitumbwi, mashua za kushonwa na mitego ya samaki ya matenga. Mimi mtoto wa Pemba, mitego hiyo, yaani madema, naijua. Nilisoma sentensi ile mara kadhaa, kamusi mkononi.

Nimeshaomba niandike tasnifu yangu juu ya *Periplus*.