Nyumba za magogo milimani: makazi ya kudumu au mabanda?

KilimaChaUkungu
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja Usambara, juu kule Lukozi, ambako Julai maji ya kwenye ndoo asubuhi unayazunguka kwanza kabla hujayagusa. Nataka kujenga kwa magogo ya msindano (paina), yale yanayolazwa moja juu ya jingine na kukatwa mapengo kwenye pembe ili yang'atane. Nimekwenda benki moja kuulizia mkopo, dada wa mapokezi akaniuliza, "Nyumba ya kudumu au ya mbao?" Swali langu ni hili: kwa nini serikali na benki zisizitambue nyumba za mbao kuwa za kudumu kwenye maeneo ya baridi, wakati miti tunaipanda wenyewe? Nawasilisha.

Mangi_Mkuu
Mkuu, kwetu Rombo mbao ni za banda la nguruwe. Mwanaume anajenga kwa tofali. Siku ya msiba watu wakija wakae wapi, ndani ya kiberiti?

FundiKenchi
Mleta mada, achana naye. Nimeshika msumeno Mafinga tangu kijana. Adui yako huko juu si mchwa sana, ni unyevu. Gogo la chini likigusa udongo tu, imekula kwako. Inua msingi wa mawe mpaka gotini, paa litoke nje urefu wa mkono mzima ili mvua isiupige ukuta. Halafu ujue gogo likikauka linasinyaa na ukuta wote unashuka. Juu ya fremu ya mlango acha uwazi wa vidole vitatu, vinne, uufunike kwa ubao uliopigiliwa kwenye fremu tu, usipigiliwe kwenye gogo. Usipofanya hivyo, mwaka wa pili mlango unafunguka kwa teke.

Na watu waache kuvuna misindano ya miaka kumi, ingali michanga, halafu waje kulalamika kuwa mbao hazidumu.

Kuhusu tofali: nani hapa amewahi kukesha kwenye tanuri la tofali za kuchoma? Linalishwa kuni usiku na mchana, na zote zinaishia majivu. Nyumba ya mbao, mti unabaki ukutani. Sasa nani anamaliza msitu?

Mama_Njabini
Wewe Mangi, banda la nguruwe? Mimi nimezaliwa Njabini, Kinangop, huku Kenya, kwa nyumba ya mbao, na tulikuwa saba. Mama alikuwa akibandika magazeti ukutani kwa uji wa ngano ili kuziba upepo. Nilijifunza kusoma nikiwa nimelala. Kulikuwa na tangazo la sabuni karibu na mto wangu, limebandikwa kichwa chini, na hadi leo nasoma maandishi yaliyopinduliwa bila shida. Mmoja wetu saa hii ni daktari. Nguruwe gani amesomea udaktari?

Mangi_Mkuu
Dada yangu, povu la nini? Sijaitaja Kenya. Ila zile zenu ni za mabanzi, masalia ya kiwandani, tusichanganye mambo. Na si nyinyi mliopiga marufuku kukata miti, sijui 2017, mkaanza kufuata mbao kwetu?

Mama_Njabini
Februari 2018, tena ilikuwa misitu ya serikali na ya jamii, si mti wa mtu shambani kwake. Rais Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, watu wakakimbia kortini. Soma kwanza ndio uchape. Na mabanzi ni nini? Kwetu ni ofkati.

Mdigo_wa_Tanga
Mabanzi ni Kiswahili. Ofkati ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Mama_Njabini
Sawa mwalimu. Kiswahili ni chenu, na baridi pia ni yenu.

Mdigo_wa_Tanga
Mimi niko Tanga mjini, dada, hapa tunatafuta baridi kwa feni. Ila turudi kwenye ubanzi: gogo likipasuliwa, kipande cha kwanza cha pembeni chenye gome ndicho ubanzi. Wengi, mabanzi. Babu zetu hawakungoja kiwanda cha mtu kulipata neno hilo.

Mama_Njabini
Nimekubali ubanzi. Sijakubali nguruwe.

Fumba_Kwetu
Mnabishania vibanda wakati huku Unguja mwaka 2021 walitangaza Burj Zanzibar, jengo la mbao la ghorofa 28 pale Fumba. Ghorofa ishirini na nane!

FundiKenchi
Kutangaza hakuna msumari. Na lile si magogo: ni mbao zinazogandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, tena limechanganywa na zege. Ila nishukuru umeonyesha kuwa mbao si umaskini. Jibu la swali langu la tanuri bado nalingojea.

Mdigo_wa_Tanga
Na moto? Kibatari kikianguka mnatoka na nini?

FundiKenchi
Ubao mwembamba unawaka kweli, sibishi. Gogo nene ni habari nyingine. Linaungua nje, linajivika ganda la mkaa, na ganda hilo linauchelewesha moto kufika ndani. Umewahi kuona gogo la jikoni limelala na moto usiku kucha, asubuhi katikati bado ni mti? Ndiyo hiyo. Ninachokiogopa mimi ni jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyozibwa vizuri. Watu wanalala hawaamki, na hilo halichagui tofali wala mbao.

Mpagazi_Mstaafu
Nimelala Mandara na Horombo, vituo vya wapandaji Mlima Kilimanjaro, siku nyingi kuliko kwangu. Vile ni vibanda vya mbao, paa la pembetatu limeshuka karibu na ardhi, nasikia watu wa Norwei walisaidia kuvijenga. Horombo iko mita 3,720. Mzungu analipa dola kulala kwenye mbao za Mangi huyuhuyu, hajawahi kuuliza nguruwe wako wapi. Nenda Kibo penye jengo la mawe, mle ndani unaiona pumzi yako.

Mangi_Mkuu
Kibo pana baridi kwa sababu pako juu ya Horombo kwa kama mita elfu moja, si kwa sababu ya mawe. Usitufanye watoto. Na huyo mzungu analala siku moja, ndani ya koti la manyoya ya bata.

Mpagazi_Mstaafu
Na wewe nyumba yako ya Rombo unalala siku ngapi? Desemba siku kumi, iliyobaki ni ya popo.

Mangi_Mkuu
Hapo umevuka mpaka. Nyumba ya kijijini si hoteli. Pale lipo kaburi la baba, pale watoto wanajua wametoka wapi. Nimeijenga miaka saba, mfuko kwa mfuko wa saruji, huku nikikaa nyumba ya kupanga Dar. Usiichezee.

Mpagazi_Mstaafu
Nisamehe, kaka. Kaburi sikuligusa.

Mangi_Mkuu
Yameisha. Kusema kweli vile vigae ndivyo tatizo, asubuhi sakafu inauma miguu. Watoto usiku wanakimbilia kwa bibi yao.

Mama_Njabini
Kwa bibi ni nyumba gani?

Mangi_Mkuu
Ya zamani tu.

Mama_Njabini
Ya zamani ya nini?

Mangi_Mkuu
Ya mseri. Babu aliijenga kabla kukata miti ya asili mlimani hakujapigwa marufuku, marufuku ya mwaka 1984 kama sikosei. Lakini mseri si msindano, msianze kulinganisha!

Mama_Njabini
Bibi hajambo? Na nguruwe?

Mangi_Mkuu
Wewe mama wewe. Bibi hajambo, anasalimia.

Mdigo_wa_Tanga
Mseri ndio ule wanaouita mkulo Lushoto? Wenye harufu kama kafuri?

Mangi_Mkuu
Huohuo. Mvua ikinyesha nyumba nzima inanukia.

KilimaChaUkungu
Benki wakinijibu nitawaambia. FundiKenchi, umesema msingi mpaka gotini. Sentimita ngapi?

FundiKenchi
Hamsini. Ila hicho kiwanja kina mteremko, upande wa chini utazidi hapo. Pima usawa kwa mpira wa maji, usikadirie kwa macho.