MJADALA: Mhudumu wa afya wa kijiji aendelee kujitolea, au alipwe kama mfanyakazi?

Mleta mada

Wakuu, kila linapoguswa suala la wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye mkutano wa kijiji, jibu huwa moja: hao ni watu wa kujitolea, wana moyo, Mungu atawalipa. Mimi siafiki. Kazi wanayofanya leo imeshatoka kwenye kujitolea. Walipwe kila mwezi, na mlipaji awe serikali, si mradi.

Tuitazame kazi yenyewe. Mhudumu anabisha hodi, anamkuta mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anamshika mkono wa kushoto, anatafuta katikati ya bega na kiwiko, anauzungushia ule utepe wa rangi tatu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 umeangukia kwenye nyekundu: utapiamlo mkali, mtoto apelekwe zahanati bila kuchelewa. Mama anasema baba watoto kasafiri, nauli hakuna, na ndege wanamaliza mpunga shambani. Hapo mhudumu hawezi kuandika karatasi ya rufaa akaaga. Anakaa, anabembeleza, anamtafuta bibi wa mtoto ili asaidie kusema, na mara nyingine nauli inatoka mfukoni mwake. Kesho yake anarudi kuhakikisha kama walikwenda kweli. Halafu aandike kwenye rejista, na mwisho wa mwezi ripoti ifike zahanati. Hiyo ni kaya moja tu, na shamba lake yeye linamsubiri.

Tangu tamko la Alma-Ata la 1978, lile la kimataifa kuhusu afya ya msingi, sehemu kubwa ya huduma hiyo katika nchi zetu imebebwa na watu hawa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo ulio wazi: walipwe kulingana na uzito wa kazi na muda wanaoutumia, na wapewe makubaliano ya maandishi. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kupata wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Ni hatua kubwa na naipongeza kwa moyo wote. Hofu yangu ni chanzo cha fedha. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, watu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa VVU na TB kwa posho za miradi walisimamishwa ghafla katika nchi nyingi za Afrika. Mgonjwa wa TB wa kawaida anameza dawa miezi sita. Mfadhili akifunga mkoba mgonjwa akiwa mwezi wa tatu wa dawa, nani atakwenda kumuulizia?

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Handeni

Wanangu, nimesoma. Nawaheshimu hao vijana na akina mama, lakini hili la mshahara linanitia wasiwasi.

Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, tunajadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara. Kipindi kikiisha tunachukua majembe: vyoo vikachimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Karibu watu milioni mbili walishiriki nchi nzima. Hakuna aliyeuliza posho! Leo ukiita watu kwenye semina ya kunawa mikono, swali la kwanza ni "kuna nauli?" Fedha ndiyo iliyotufikisha hapa.

Na kuna jambo mnalijua ila hamlisemi. Siku nafasi hiyo ikiwa na mshahara, mwenyekiti atamweka mtoto wa shemeji yake, ambaye hajawahi hata kumpeleka jirani hospitali. Yule mama ambaye kijiji kizima kinamkimbilia usiku ataachwa kwa kuwa hana cheti. Hapo mtakuwa mmepoteza vyote viwili: moyo wa kujitolea na mtu mwenyewe.

Mchangiaji, pwani ya Kenya

Shikamoo mzee, na hamjambo majirani.

Mimi ni mmoja wa wale wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023. Tulipewa mkoba wenye mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, mizani na utepe huo wa mkono, pamoja na simu ya kuingizia taarifa. Kila mmoja ana takriban kaya 100. Marupurupu ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Kabla ya hapo wengi wetu tulifanya miaka na miaka kwa ahsante.

Nitawaambia kilichobadilika. Zamani mume wangu akiniona natoka alikuwa anauliza ninakwenda kwa nani bure. Sasa haulizi. Na watu wenyewe wananisikiliza zaidi, kwa sababu nina mkoba, nina kitambulisho, nikisema presha yako iko juu wanaona namba wenyewe. Wazee ambao hawajawahi kupimwa maishani wamejua wana presha wakiwa wamekaa barazani kwao.

Lakini 5,000 si mshahara, tusidanganyane. Na kuna kaunti ambazo nusu yao hukawia mpaka mtu anakopa dukani. Kwa hiyo mleta mada ana haki, ila aongeze neno: kulipwa kwa wakati.

Mchangiaji, muuguzi wa zahanati ya kijijini

Naunga mkono malipo, ila nina onyo ambalo halijaguswa.

Zahanati zetu hazina watu wa kutosha. Muuguzi mmoja anazalisha, anachanja, anatoa dawa, anajaza vitabu. Ukimleta mtu anayelipwa na halmashauri, nini kitatokea? Atakaa dirisha la dawa. Atapanga mafaili. Siku ya kliniki atapima uzito wa watoto kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nimeshaona hivyo kwa macho yangu, na anayemweka hapo hana nia mbaya, kaelemewa. Lakini mama aliyejifungulia nyumbani kule mtoni na anatoka damu, hana tena wa kumfikia. Kaya zinakosa mtu, na takwimu zinaonyesha tuna mhudumu.

Mkataba useme wazi: siku zake nyingi ni za kutembelea kaya.

Mchangiaji, Kigali

Kwa kuongezea tu: huku Rwanda wanakijiji ndio wanaowachagua wahudumu wao, na sehemu ya malipo inategemea utendaji na hupitia vyama vyao vya ushirika. Wengine ushirika wao unafuga au unalima. Mzee anayeogopa shemeji wa mwenyekiti aangalie hapo kwenye kuchagua.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu wa Handeni. Sidharau Mtu ni Afya hata kidogo; vyoo vingine vya vijiji vyetu vilianzia pale. Lakini kampeni ile ilikuwa na mwanzo na mwisho. Mlichimba, mkamaliza, mkarudi mashambani. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, una siku yake, na mimi nataka ubaki hivyo: kusafisha kisima, kumbeba mgonjwa, kumjengea mjane choo. Hayo tusiyawekee bei. Rejista ya kaya haina siku ya mwisho. Anayedaiwa ripoti kila mwezi, na kulaumiwa isipofika, huyo yuko kazini.

Hofu yako kuhusu shemeji ni ya kweli, nami sitaki kuipita. Uteuzi ufanyike kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu, na anayejulikana kwa kuhudumia watu asikataliwe kwa cheti, afundishwe. Kuna mambo ya kusoma na kuandika ambayo hayaepukiki, nakubali, lakini mafunzo yapo kwa ajili hiyo.

Dada wa Kenya, ahsante. Mgawo wa nusu kwa nusu naupenda, kwa sababu halmashauri ikichangia itaona uchungu wa kumfuatilia mtu wake. Ila nusu ya halmashauri iwe ya lazima kwenye bajeti, isiwe ya "tukipata."

Ndugu wa Kigali, kwenye kuchagua tuko pamoja. Kwenye kulipa kwa utendaji nasita. Mwongozo ule wa 2018 unashauri malipo yasitegemee hilo peke yake wala kwa sehemu kubwa, na naona sababu: ukinilipa kwa idadi ya wajawazito niliowapeleka kliniki, mzee mwenye kiharusi asiyehesabiwa popote nitampita mlangoni.

Muuguzi, hoja yako imenibadilisha kidogo. Nilikuwa nataka wasimamiwe na mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, peke yake. Sasa naona serikali ya kijiji nayo iwe na daftari lake la kaya zilizotembelewa, lisomwe kwenye mkutano kila robo mwaka. Je, hilo litawasaidia ninyi wa zahanati, au litawaongezea ugomvi?

Mchangiaji, muuguzi wa zahanati ya kijijini

Litaleta ugomvi miezi ya mwanzo. Lakini lisomwe. Wanakijiji wakisikia kitongoji chao hakijatembelewa, watakuja kuuliza, na mimi nitapata sababu ya kumruhusu mtu wangu atoke dirishani.