Naomba ushauri: nahesabuje ndege wahamao bila kurudia?

Habari wakuu, na shikamooni wakubwa. Mimi ni mpagazi, nakaa Moshi. Msimu uliopita mgeni kutoka Uingereza aliniachia darubini yake, akanieleza kwamba kwao mwezi wa 10 watu hukaa milimani tangu alfajiri wakihesabu ndege wanaokimbilia kusini kabla ya baridi. Nikajiuliza, si ndio hao hao wanaotufikia sisi?

Basi nikiwa Shira, kule juu Mlima Kilimanjaro, mzigo ukishatua, nahesabu mbayuwayu na keremkerem. Wanaopita moja kwa moja hawanisumbui: nachagua jiwe, anayelivuka namhesabu. Shida ni korongo weupe huku chini, upande wa Boma Ng'ombe. Wanazunguka kundi zima kwenye hewa ya moto, wengine wanaingia, wengine wanatoka. Juzi nilipata 140, nikarudia nikapata 210! Je, nisubiri wanyooke kuondoka ndipo nihesabu kumi kumi? Na keremkerem wa Ulaya nawatofautishaje na wa hapa hapa wakiwa juu sana, jua likiwa nyuma yao? Sauti nazisikia, ila masikio yangu bado mageni. Ukungu sina ugomvi nao, huo nimeshauzoea.